Mwamuzi Aliyepewa Kisogo

Watu wa Dorsey Patch wakikwambia kwamba walimpenda Vasil Hudak, wanakudanganya. Walianza kumpenda alipokwisha kufukiwa, maana maiti hajibu mtu. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe. Tuliishi naye ukuta kwa ukuta, kwenye zile nyumba za kampuni ya makaa ya mawe ambazo jengo moja hukatwa katikati wakaingizwa watu wa familia mbili, na kikohozi chake nilikijua kuliko cha mama yangu mzazi. Nasema bila kificho: sikumpenda. Na maua yale yaliyorundikwa kaburini mwake, hakuna hata moja langu.

Siku za kazi alishuka shimoni kama wanaume wengine wote wa hapa, akipiga magogo ya kushikilia dari. Jumapili asubuhi alikuwa mwongoza nyimbo kanisani, kwa kuwa kanisa letu halina kinanda na pasipo sauti ya mtu ibada haiendi. Jumapili hiyohiyo mchana alivua joho, akavaa kinyago cha waya, akawa mwamuzi wa besiboli. Tungeweza kumvumilia katika lolote kati ya hayo, lakini si katika yote matatu.

Maringo yake ndiyo yaliyonitia kichefuchefu. Waamuzi wengine walikuja na shati la kazi. Yeye alikuja na suti nyeusi ya kanisani, buti za shimoni zilizopakwa kiwi mpaka ukajiona, na ua jekundu kifuani alilolichuma kwenye mkebe wa mkewe Paraska, ule wa dirishani. Alikuwa na kibrashi kidogo mfukoni. Kile kibao cheupe kilicholazwa ardhini, ambapo mpigaji husimama, alikifuta kila mara, hata pasipo na vumbi, akiinama taratibu kama padri anayepangusa kikombe. Halafu hukumu zake hakuzitamka kama watu. Alikuwa anaziimba. Mkimbiaji akiwahi, aliimba "Salaaama" kwa mahadhi ya Pasaka. Akichelewa, aliimba "Njeee" kwa mahadhi ya mazishi, yaleyale ambayo asubuhi alikuwa amemzikia mtu. Ikafika mahali mzee wa watu anaingizwa kanisani ndani ya jeneza, Vasil anafungua kinywa, na wajukuu wa marehemu wanajiuma midomo wasicheke.

Alimfukuza uwanjani Padri Dolhy, mbele ya parokia nzima, kwa sababu padri alimwita kipofu. Asubuhi ya siku hiyo padri huyohuyo alikuwa amemuungamisha. Mama Sabol alimpiga mwavuli kichwani hadi ukavunjika mpini. Jumapili iliyofuata akamrudishia mwavuli kanisani, ameutengeneza kwa waya, akainama kwa heshima zote. Mama Sabol aliniambia afadhali angemtukana. Alirushiwa chupa, nyanya, na safari moja kichwa cha kabichi, akakiokota akampelekea Paraska apike. Kuna waliokuja kumwaga lami mlangoni kwake. Milango yetu inapakana, wakamwaga na wangu. Nilimgongea ukuta kwa mpini wa ufagio mpaka chokaa ikadondoka.

Ndipo tukaanzisha ule utaratibu wetu wa kisogo. Ulianza mwaka aliotunyima mechi ya Mei, kapteni wetu Fecko alipowaamuru wachezaji wasimwangalie yule mzee tena. Mchezo ukiisha tu, timu nzima inageuka inampa mgongo, na watu wote uwanjani wanageuka nao, hadi atoke getini. Akina mama waliwashika watoto mabegani wakawageuza. Na yeye, badala ya kuona haya, alivua kofia, akaiinamia ile migongo, akatoka akiimba kwa sauti ya juu, upesiupesi, kwa sababu mwamuzi mwenye akili zake hangoji chupa. Hatukumwona akiondoka hata mara moja. Tulimsikia tu.

Mume wangu Mitro alikulia katika aibu hiyo. Shuleni alipigwa kwa hukumu za baba yake. Alipokuwa mkubwa akawa mwenye mbio kuliko wote katika timu yetu, na jambo la kwanza alilonifundisha baada ya ndoa ni kumpa mzee kisogo. Mezani waliongea habari za mkate, kuni na mvua. Mpira hawakuugusa.

Sasa nikwambie kilichoniunguza. Machi ya mwaka mmoja dari la shimoni lilimwangukia Mitro. Walimkuta amefukiwa mpaka kifuani, mwenzake amelala kando yake, amekufa, na mikono yao ilikuwa bado imeshikana. Tangu hapo mume wangu alilala na dirisha wazi, theluji ikiingia hadi kitandani. Asubuhi nilimfunga kamba za buti mimi, kwa sababu vidole vyake havikutulia. Lakini alishuka. Angefanya nini kingine, na nyumba ni ya kampuni, na duka ni la kampuni?

Msimamizi wa mgodi, Bwana Prosser, alikuwa Mwelshi aliyependa kuwafunga Gilfoyle kuliko alivyopenda mbingu. Gilfoyle ni mgodi wa bonde la pili. Prosser aliapa baa, watu wote wakisikia: timu ikichukua bendera ya ubingwa mwaka huu, Mitro Hudak anapata kazi ya nyumba ya taa. Nyumba ya taa iko juu, mlangoni mwa shimo. Unawapa wanaume taa zao asubuhi, unazipokea jioni, na siku nzima uko kwenye jua. Nilikwishaipamba kichwani. Nilikwishajua pazia gani ningemshonea kwenye kile kidirisha chake.

Fainali ikaja kuchezwa kwetu, Septemba, dhidi ya Gilfoyle haohao. Kwa fainali, sheria ya ligi ni mwamuzi atoke mji wa tatu. Aliyepangwa, gari lake lilikufa mlimani. Watu wamejaa, bia imekwishafunguliwa, pirohi zangu za kanisa, zile za unga uliojazwa viazi, zinapoa mezani, na hakuna mwamuzi. Mdakaji wa Gilfoyle, yule anayelinda kibao, jina lake Garrahan, Mwairishi asiye na meno ya mbele, ndiye aliyelimaliza lile jambo.

"Mpeni kinyago mzee Hudak," alisema. "Sisi hatuna wasiwasi. Huyo angemtoa mama yake mzazi mlangoni mwa kanisa."

Watu wakacheka, wetu na wao. Mimi sikucheka. Nilimfuata Vasil kwenye uzio, nikiwa bado na unga mikononi.

"Baba, kataa," nilimwambia. "Sema unaumwa."

"Siumwi, mwanangu."

"Mitro anacheza. Unajua Prosser kaahidi nini."

"Najua. Na lile dari nalijua kuliko wewe, mimi ndiye ninayelishikilia." Alikuwa anakipuliza kibrashi chake. "Nikikataa, hakuna mchezo leo. Pasipo mchezo hakuna bendera, na pasipo bendera Mitro hana taa. Unataka nikatae?"

Alikuwa na haki, na alipokuwa na haki ndipo nilipomchukia zaidi.

Mchezo wenyewe hauna siri. Unapiga mpira kwa rungu, unakimbia kupita vituo vitatu, unarudi kwenye kile kibao ulikoanzia. Ukikigusa kabla mpira haujakuwahi, ni pointi. Tulifika mwisho tukiwa sare, zamu ikiwa yetu, na tumebakiwa na mpigaji mmoja tu. Mitro alikuwa kituo cha pili. Fecko akaupiga mpira ukaenda mbali kulia, na mume wangu akaja mbio kama mtu anayetoka shimoni dari likimfuata.

Mpira nao ukaja. Garrahan alikuwa amekaa mbele ya kibao kama mlango. Mitro akajirusha chini, akampita ubavuni, vumbi likatanda, na mpira ukagonga chini mbele ya Garrahan, ukampita, ukabingirika hadi chini ya uzio. Ikawa basi. Watu waliuona mpira ukipotea, wakajua tumeshinda, wakavunja kamba na kumwagika uwanjani. Wakamnyanyua Mitro mabegani. Nilimwona akicheka. Tangu Machi nilikuwa sijaona meno yake.

Na kwa kuwa mchezo ulikuwa umekwisha, tulimpa mwamuzi kisogo. Tuligeuka wote, kwa furaha kuliko siku zote, timu na watu na watoto, tukielekea kule walikokuwa wanampeleka Mitro kwa Bwana Prosser, ambaye alikuwa amesimama juu ya kiti akipunga kofia. Nami niligeuka, mikono nimeiweka kichwani, nalia.

Baadaye kidogo nikagundua kuwa sijasikia wimbo. Masikio yangu yalikuwa yamezoea kumsikia akiondoka, kama unavyozoea king'ora cha zamu. Nikageuka kutazama.

Vasil alikuwa amesimama palepale. Kofia kichwani, kinyago mkononi, miguu huku na huku ya kibao, na kibao katikati ya buti zake ni cheupe, safi, kama alivyokiacha alipokifuta. Alikuwa anaangalia juu ya vichwa vya watu. Chini yake Garrahan alikuwa bado amekaa kwenye vumbi, anamtazama usoni kwa upole wa paka aliyesikia kifuniko cha sufuria. Halafu Garrahan akainuka, pasipo haraka, akaenda kwenye uzio, akaokota mpira, akarudi, akauweka mguu wake juu ya kibao.

"Mzee," alisema, "yule hakugusa."

Vasil hakuimba safari hiyo. Alisema tu, "Nje," kama mtu anayeagiza chumvi.

Naomba unielewe hapa, maana hapa ndipo kesi yangu yote ilipo. Mkimbiaji asipogusa kibao, mwamuzi hasemi kitu. Hiyo ni sheria, kila mtoto wa Dorsey Patch anaijua. Ananyamaza mpaka wapinzani walalamike. Wakiondoka bila kulalamika, pointi ni halali hadi siku ya kiama. Vasil hakuvunja sheria aliponyamaza, wala hakuivunja alipojibu. Lakini hakuna sheria iliyomwambia asimame pale. Angevua kofia, angeimba, angetoka zake kama Jumapili zote, na Garrahan angebaki kwenye vumbi lake akisubiri kupewa bia ya kujifariji. Ni kule kusimama kulikomzindua. Yule mzee alimtoa mwanawe kwa miguu yake miwili iliyosimama.

Chupa siku hiyo ziliruka mpaka askari wa kampuni wakaja na farasi. Uwanja uliposafishwa, mchezo ukaendelea kwa zamu nyingine, Gilfoyle wakapata pointi yao, sisi hatukupata. Bwana Prosser alishuka kwenye kiti chake, akavaa kofia, akaingia garini. Nilimsubiri getini, akaangalia mbele. Usiku ule Mitro alikula chakula chake chote. Nilimuuliza kama alikigusa kibao au hakukigusa. Akasema hajui, alihisi vumbi tu.

Jumatatu nikamfunga kamba za buti.

Tangu hapo sikumwita tena yule mzee baba. Nilimwita Hudak, kama mjumbe wa kodi. Akipita dukani nilitoka. Akianza kufanya mazoezi ya nyimbo zake upande wa pili wa ukuta, niligonga kwa ufagio, na alinyamaza kila mara, jambo lililonikera pia, maana nilitaka abishane. Paraska aliniletea holubki, kabichi iliyoviringishiwa nyama na wali, kwa siri, nikazirudisha na kifuniko hakijafunguliwa. Na hapo ndipo lilipokuja la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka: jina lake likapaa. Gazeti la kaunti likamwandika. Miji yote ya bondeni ikataka mwamuzi aliyemtoa mwanawe wa kumzaa. Alisafirishwa huku na kule na suti yake na ua lake, akawa anaimba kuliko zamani na kutoka uwanjani mbio kuliko zamani, akila sifa juu ya mgongo wa mume wangu.

Majira ya baridi ya pili, dari likaanguka tena. Safari hii hawakumkuta Mitro amefukiwa mpaka kifuani tu. Vasil alikuwa miongoni mwa waliochimba, na alipotoka shimoni kucha zake mbili hazikuwepo. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimebaki na kamba za buti mkononi.

Yeye ndiye aliyemwimbia. Nani mwingine, na mwongoza nyimbo ni mmoja? Aliimba ibada nzima ya mwanawe, kuanzia nyumbani hadi kaburini, na sauti haikukwaruza hata mara moja. Watu walilia kwa uzuri wake. Mimi nilitamani ivunjike. Nilisimama pale nikiomba, Mungu anisamehe, ivunjike tu, hata kwenye neno moja.

Baada ya mazishi watu walikula kwangu. Walipoondoka, alibaki jikoni, amekaa kwenye kiti cha Mitro, vidole amevifunga kwa leso. Paraska alikuwa anaosha vyombo. Nikaona sina tena cha kupoteza.

"Kwa nini hukuondoka?" nilimuuliza.

Hakuniuliza siku gani.

"Nilikuwa namngoja arudi," alisema.

"Nani?"

"Mitro. Asiyegusa anaweza kurudi akagusa, maadamu hakuna aliyelalamika. Muda ulikuwepo, mpira uko kule chini ya uzio, Garrahan kakaa. Mimi siruhusiwi kumwambia. Lakini nimekuwa mwamuzi tangu hajazaliwa, na sijawahi kusimama pale mchezo ukiisha. Hata siku moja. Nikasema, huyu ananijua. Asiponisikia nikiimba atashangaa, ataangalia nyuma, ataona nimesimama, atajua." Akaivuta ile leso. "Hakuangalia."

"Tulikuwa tumekupa kisogo," nilisema. "Wote."

"Ndiyo. Aliyeniangalia ni mtu wa Gilfoyle."

Paraska alikuwa ameacha kuosha. Nami nilimwamini, hilo ndilo lililonipandisha hasira kuliko yote. Miaka ile yote nilikuwa na mtu wa kumchukia, mzima, asiye na doa la wema, na sasa ananipokonya hata hicho akiwa amekaa kwenye kiti cha mume wangu.

"Una mdomo," nilimwambia. "Kila Jumapili unautumia. Ungemwita. Ungesema 'Mitro,' basi, jina tu."

"Ningelisema jina lake, ningekuwa nimemwambia."

"Si ungemwambia! Wewe ni baba yake."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, kama vile alivyofikiria mpira uliopita ukingoni mwa kibao.

"Pale sikuwa baba yake," alisema. Akainuka, akachukua kofia, akaenda upande wake wa ukuta. Hakuimba tena nyumbani, na mimi sikugonga tena.

Alikufa akiwa mzee, kitandani, kifua kimejaa vumbi la makaa kama vifua vyote vya hapa. Wakaja watu wa bonde zima, na maua yao, na hadithi zao za mwavuli na za padri, wakitia chumvi. Garrahan hakuwepo, alikuwa amemtangulia. Walipolifikisha jeneza kwenye geti la makaburi, Fecko, ambaye sasa alitembelea fimbo, akawasimamisha watu.

"Jamani," alisema, "tumpe kisogo chake cha mwisho. Bila hicho hatatujua."

Wakacheka, na wengi walikuwa wanalia. Wakageuka wote, wazee wa timu, wake zao, wajukuu walioshikwa mabegani na kugeuzwa, hata padri mpya ambaye hakujua maana yake. Wabebaji wakapita na jeneza katikati ya ile migongo. Hakuna aliyeimba, kwa kuwa mwimbaji ndiye aliyekuwa ndani.

Mimi sikugeuka. Sikuwa nimemsamehe, na leo sijamsamehe. Nilisimama nikimwangalia mpaka akashushwa kando ya Mitro na udongo ukamfunika.